Dawa za TB zimekwisha, kikohozi kipo: Kipimo cha ACE kinasema nini?

Kikohozi kikavu kimekaa miezi. Mgonjwa amepungua uzito, usiku anatoka jasho, na akipanda ngazi chache anatafuta pa kushika. Picha ya eksirei inaonyesha tezi zilizovimba katikati ya kifua. Makohozi yamepimwa kwa mashine ya GeneXpert na hayakuonyesha kitu, lakini daktari anamwanzishia dawa za kifua kikuu. Ni vigumu kumlaumu. Tanzania na Kenya zote zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB, na mtu mwenye dalili hizo akicheleweshwa anaweza kufa, au kuambukiza nyumba nzima.

Miezi sita inapita: dawa za aina nne kwa miezi miwili ya mwanzo, za aina mbili kwa miezi minne inayofuata. Nyumbani kikombe na sahani yake vimetengwa, mtoto mchanga amehamishiwa chumba cha bibi. Dawa zinakwisha na kikohozi kipo. Picha ya pili inafanana na ya kwanza. Ndipo daktari mwingine, mara nyingi wa hospitali ya rufaa, anapotamka neno ambalo familia haijawahi kulisikia, sarkoidosisi, na kwenye fomu ya maabara anaandika herufi tatu: ACE.

Majibu yanaporudi, karatasi ina namba moja na pembeni yake mshale unaoelekea juu. Au hauelekei popote, namba iko sawasawa. Familia inaisoma namba hiyo kama watu wasomavyo majibu ya malaria: ipo au haipo. Kipimo hiki hakisomeki hivyo, na kukisoma vibaya kunaweza kumgharimu mgonjwa mapafu, macho, au miezi mingine sita ya dawa asizozihitaji. Upande wa pili ni mbaya vilevile, maana mwenye TB ya kweli akidhaniwa ana sarkoidosisi atapewa dawa zinazoshusha kinga, na TB itapata uwanja wa kukimbilia.

Vinundu visivyo na adui anayeonekana

Sarkoidosisi si saratani na haiambukizi. Ni hali ambayo chembechembe za kinga hujikusanya sehemu moja ya mwili na kutengeneza vinundu vidogo, kana kwamba zimemzingira adui, ila adui mwenyewe haonekani. Wataalamu wanaamini kitu fulani kinachovutwa kwa hewa au kinachoingia mwilini huamsha kinga ya mtu ambaye kwa maumbile ya kurithi yuko tayari kuitikia hivyo. Kitu hicho hakijajulikana, na huenda si kimoja.

TB nayo hutengeneza vinundu, na hapo ndipo fujo yote inapoanzia. Tofauti ni kwamba katikati ya kinundu cha TB nyama hufa na kulainika mithili ya jibini, wakati cha sarkoidosisi kwa kawaida hubaki kizima. Tofauti hiyo huonekana kwa darubini, haionekani kwenye eksirei.

Zaidi ya wagonjwa tisa katika kumi huguswa mapafu au tezi za kifuani. Lakini vinundu havina mipaka. Huota kwenye macho, ngozi, ini, wengu, mishipa ya fahamu, na kwenye moyo, ambako huweza kuvuruga mapigo na kumuua mtu ghafla. Kovu la zamani lililotulia miaka mingi huweza kuvimba upya. Wengine huanza kwa homa, vifundo vya miguu kuvimba na mabaka mekundu yenye maumivu kwenye miundi. Hao, ajabu ni kwamba, mara nyingi hupona wenyewe bila dawa nzito.

Jina lilitoka Norway. Mwaka 1899 daktari wa ngozi Caesar Boeck alieleza uvimbe wa ngozi uliofanana na aina ya saratani iitwayo sarkoma lakini haukuwa saratani, akauita sarkoidi, yaani unaofanana na sarkoma. Miaka 30 nyuma yake Jonathan Hutchinson wa London alikuwa amemwona mfanyakazi wa gati la makaa ya mawe mwenye ngozi ya namna hiyo. Kwa hiyo ugonjwa huu uliingia vitabuni kama ugonjwa wa Wazungu wa Kaskazini, na fikra hiyo imekuwa na madhara yake. Utafiti wa Detroit, Marekani, uliochapishwa mwaka 1997, ulikuta wagonjwa wapya 35.5 kwa mwaka katika kila Wamarekani weusi 100,000, ikilinganishwa na 10.9 kwa weupe. Watu weusi huko pia huugua vikali zaidi, hasa wanawake. Mchekeshaji Bernie Mac, aliyefariki Chicago mwaka 2008 akiwa na miaka 50 kutokana na matatizo ya nimonia, alikuwa amesema hadharani kwamba anaishi na sarkoidosisi.

Afrika Mashariki ugonjwa huu huhesabiwa kuwa nadra. Sehemu ya unadra huo, bila shaka, ni kwamba umevaa nguo za TB.

Kimeng'enya cha presha

ACE ni kifupisho cha jina la kimeng'enya ambacho kila mtu anacho. Kazi yake ni kugeuza kemikali ya damuni iitwayo anjiotensini ya kwanza kuwa anjiotensini ya pili, ambayo huibana mishipa ya damu na kupandisha presha. Leonard Skeggs na wenzake huko Cleveland, Marekani, walikieleza mwaka 1956 baada ya kukipata katika damu ya farasi. Kwa mtu mzima mwenye afya, kingi hukaa kwenye kuta za mishipa midogo ya mapafu.

Uhusiano wake na sarkoidosisi uligunduliwa baadaye. Jack Lieberman, daktari wa mapafu wa California, alikuwa akipima kimeng'enya hicho katika damu ya watu wenye maradhi mbalimbali ya mapafu, na mwaka 1975 akachapisha alichokiona: wenye sarkoidosisi iliyo hai walikuwa na kiwango kikubwa kuliko wengine, na waliokuwa wakitumia dawa za steroidi kiwango chao kilikuwa cha kawaida. Sababu ilikuja kueleweka. Chembechembe zinazounda vile vinundu hutengeneza ACE zenyewe. Vinundu vikiwa vingi, ACE inayomwagika kwenye damu huwa nyingi.

Ugunduzi huo ulipokewa kwa furaha, na si ajabu. Kabla yake kulikuwa na kipimo cha Kveim, kilichopewa jina la daktari wa Norway aliyekieleza mwaka 1941. Mgonjwa alichomwa sindano ya ngozi yenye kiowevu kilichotengenezwa kutokana na tezi au wengu wa mgonjwa mwingine wa sarkoidosisi, akasubiri wiki nne hadi sita, kisha pale palipochomwa pakakatwa kinyama na kupimwa. Leo hakuna atakayekubali kuchomwa kitu cha namna hiyo, na kipimo hicho kimeachwa. Damu kidogo ya mkononi na majibu baada ya siku chache ilionekana kama mwisho wa tabu.

Haikuwa hivyo. Tafiti zilivyoongezeka zilionyesha kwamba kati ya wagonjwa wa sarkoidosisi ambao hawajaanza dawa, wanaokutwa na ACE iliyopanda ni kama sita katika kumi, zikipishana juu na chini kidogo. Waliobaki wanaugua na namba yao ni ya kawaida.

Na wapo ambao namba yao imepanda na hawana sarkoidosisi. Kisukari huweza kuipandisha, pia tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, maradhi ya ini, vumbi la mawe lililokaa kwenye mapafu ya wachimbaji, ugonjwa wa kurithi wa Gaucher, na ukoma, ambao Lieberman mwenyewe aliupima miaka ya sabini. TB nayo, hasa ile iliyosambaa mwili mzima, huweza kuipandisha. Hebu fikiria maana yake kwa nchi zetu: kipimo kinachotarajiwa kutenganisha magonjwa mawili huweza kupanda katika yote mawili.

Kuna na suala la maumbile. Mwaka 1990 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba karibu nusu ya tofauti ya kiwango cha ACE kati ya mtu na mtu hutokana na urithi wa jeni moja inayokuja katika sura mbili, ndefu na fupi. Aliyerithi fupi kutoka kwa baba na kwa mama huwa na ACE nyingi tangu kuzaliwa. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa mzima wa afya na namba yake ikakaribia mstari wa juu, na mwingine akawa anaugua na namba yake ikiwa imepanda maradufu lakini bado iko chini ya mstari huo. Watoto na vijana wanaobalehe nao huwa na kiwango cha juu kuliko watu wazima, hivyo jibu la mtoto lisilinganishwe na la mama yake.

Yanayoharibu jibu kabla ya sindano

La kwanza ni dawa za presha, na hili hukosewa sana kwa sababu mgonjwa haoni uhusiano wa presha na kifua. Captopril, enalapril, lisinopril na ndugu zao, ambazo majina yao huishia na "pril", zimetengenezwa kwa kazi moja tu: kukizuia kimeng'enya hiki. (Captopril ilianzia kwenye utafiti wa sumu ya nyoka wa Brazil aitwaye jararaca, ambaye akimuuma mtu presha huporomoka.) Anayemeza dawa hizo akipimwa ACE, jibu litakuwa la chini hata kama mapafu yamejaa vinundu. Losartan haina tatizo hilo kwa kuwa inafanya kazi hatua ya mbele zaidi. Hii haina maana mtu aache dawa ya presha mwenyewe kwa ajili ya kipimo. Ni kumwambia daktari anatumia nini, na ikibidi kwenda na pakiti yenyewe. Kuna jambo jingine lisilosahaulika: dawa hizohizo za "pril" huleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu, na yupo aliyesumbuliwa na kikohozi mwaka mzima kikaisha alipobadilishiwa dawa tu.

La pili ni prednisolone na steroidi nyingine, ziwe vidonge au sindano. Zinashusha ACE haraka, kwa hiyo kupima baada ya kuzianza ni kutafuta jibu ambalo limeshafutwa.

La tatu ni chupa ya damu. Kimeng'enya hiki hufanya kazi kwa msaada wa madini ya zinki. Ile chupa yenye kifuniko cha zambarau, inayotumika kupima wingi wa damu, ina kemikali inayoyanyakua madini hayo, hivyo damu iliyowekwa humo haifai kwa ACE. Mtaalamu wa maabara analijua hilo, lakini sampuli zinazosafirishwa kutoka kituo kidogo kwenda maabara kubwa, pengine nje ya nchi, hupitia mikono mingi.

Tena kila maabara ina namna yake ya kupima na mipaka yake ya kawaida. Namba 60 inaweza kuwa juu katika karatasi ya maabara moja na ya kawaida katika nyingine. Anayefuatilia ugonjwa kwa kipimo hiki afanye juu chini apimwe mahali palepale kila mara.

Kinachothibitisha ugonjwa

Mwongozo wa mwaka 2020 wa jumuiya ya madaktari wa kifua ya Marekani, ATS, unataka mambo matatu: dalili na picha zinazoendana na sarkoidosisi, kinundu kilichoonekana kwenye kinyama kilichokatwa, na magonjwa mengine yanayofanana kuondolewa mashakani. ACE haimo kati ya hayo matatu. Wapo wagonjwa wachache, kama wale wa homa, vifundo na mabaka ya miundi, ambao dalili zao ziko wazi kiasi kwamba kinyama hakihitajiki.

Neno la kukata kinyama huwaogopesha watu, na wapo wanaoamini kwamba uvimbe ukiguswa na kisu husambaa. Kwa sarkoidosisi kinyama mara nyingi hutoka mahali rahisi: kipele cha ngozi, au tezi ya shingoni. Ikiwa ni tezi za ndani ya kifua, daktari hupitisha mpira mwembamba wenye kamera puani au mdomoni hadi kwenye njia za hewa na kuchukua vipande vidogo kwa sindano.

Familia ina haki ya kuuliza swali moja hapa: je, sehemu ya kinyama imetengwa kwa ajili ya kuotesha vijidudu vya TB? Kipande kinachokwenda kwenye darubini hutiwa kwenye dawa ya fomalini, na fomalini huua vijidudu. Kinyama chote kikitumbukizwa humo, nafasi ya kuotesha TB imepotea, na katika nchi zenye TB nyingi hiyo ni hasara kubwa kuliko ile namba ya ACE.

Kufuatilia

Pengine kazi inayokifaa zaidi kipimo hiki ni ya pili, ya kufuatilia mtu ambaye ugonjwa wake umeshathibitishwa na ambaye ACE yake ilikuwa juu tangu mwanzo. Huyo namba yake ina habari. Tuseme ilikuwa 110 kabla ya dawa na baada ya miezi mitatu ikawa 55. Kupungua huko kunaendana na vinundu kupungua, hasa kama mgonjwa anapumua vizuri na kipimo cha nguvu ya mapafu, kile cha kupuliza kwenye mashine, kimepanda. Dozi inapopunguzwa na namba ikaanza kupanda tena, daktari huita mgonjwa mapema.

Lakini prednisolone yenyewe huishusha ACE, hivyo namba inaweza kuwa nzuri huku kiungo kikiendelea kuumia. Kinundu kimoja kidogo kwenye njia ya umeme wa moyo hakitoshi kuipandisha namba na kinatosha kuua. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa umeme wa moyo, damu ya ini na figo, na macho, hata kama haoni tatizo lolote. Uvimbe wa ndani ya jicho huweza kuanza bila maumivu, na ukiachwa huleta upofu. Katika baadhi ya nchi, kama Uholanzi, madaktari wengi hutegemea zaidi kipimo kingine cha damu, cha kipokezi cha interlukini-2, lakini nacho hupanda katika magonjwa mengine.

Kuna kipimo cha bei ndogo ambacho ATS wanataka kila mgonjwa afanyiwe: kalisiamu ya damu. Vinundu huiamsha vitamini D bila kufuata utaratibu wa mwili, na kalisiamu hupanda hadi kuleta kiu isiyoisha, choo kigumu, mawe ya figo na hata kuchanganyikiwa. Mgonjwa wa sarkoidosisi anayenunuliwa vidonge vya vitamini D na kalisiamu na ndugu waliomwona amedhoofu, anaweza kuharibiwa figo kwa mapenzi mema. Asivitumie kabla daktari hajaona majibu.

Si kila mtu hupewa dawa. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hutulia wenyewe ndani ya miaka michache, na kwa wengi wao kazi ya daktari ni kuangalia tu. Wanaohitaji dawa mara nyingi huanza na prednisolone ya miligramu 20 hadi 40 kwa siku, ikipunguzwa taratibu kwa miezi. Uso hujaa, hamu ya kula huongezeka, sukari na presha huweza kupanda. Jirani atasema mgonjwa amenenepa, amepona. Kuiacha ghafla ni hatari, kwa kuwa mwili uliozoea kuletewa homoni hiyo kutoka nje huwa umesahau kutengeneza yake. Ugonjwa ukigoma huongezwa methotrexate, ambayo mwanamke mjamzito au anayetafuta mimba hatakiwi kuigusa. Hilo lijadiliwe na mume na mke kabla ya dozi ya kwanza.

Ugonjwa ukishathibitishwa kuwa ni sarkoidosisi na TB haipo, kikombe na sahani vinaweza kurudi kabatini pamoja na vya wengine, na mtoto kwa mama yake. Ndugu wa damu wana uwezekano mkubwa kidogo wa kuupata kuliko watu wengine kwa sababu ya urithi, lakini walio wengi hawaupati, na hakuna sababu ya kuwapeleka watoto wote kupimwa ACE.

Kadi ya TB isitupwe. Daktari wa baadaye atataka kujua dawa zilianza lini, zilikwisha lini, na makohozi yalionyesha nini. Tena mtu anayetumia prednisolone kwa muda mrefu katika nchi hizi anaweza kupata TB ya kweli juu ya sarkoidosisi yake. Homa ikirudi, jasho la usiku likirudi, au kikohozi kikibadilika, kinachotakiwa ni makohozi kupimwa upya, hata kama wiki iliyopita ACE ilikuwa nzuri.